Maji yanayoporomoka kubana hewa ili yapandishe maji mlimani, inawezekana kweli au kiini macho?

mboga_mboga_Soni
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nina swali limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, naombeni mnisaidie bila kunicheka maana hata wife keshaanza kunicheka.

Nina shamba la hoho, kabichi na nyanya kidogo huku Usambara maeneo ya Soni. Shamba liko juu kwenye mteremko, kijito kinapita chini kabisa, ukishuka na ndoo ukapanda nayo hiyo ni nusu saa na magoti yanalia. Nimetumia pampu ya petroli misimu miwili, hoho zikilipa mafuta yanachukua, mwisho nikaiuza na pampu yenyewe. Sola nimeulizia bei nikarudi kimya kimya nyumbani.

Sasa juzi nimeona video, jamaa kachukua maji ya kijito kayaingiza kwenye bomba linaloshuka wima mpaka ndani ya shimo, pale mdomoni kaweka vijibomba vidogo vinavyonyonya hewa, yaani maji yanashuka na povu. Chini shimoni kuna pipa limefungwa, povu linapasuka hewa inakaa juu ya pipa, maji yanatoka kwa bomba lingine yanarudi kijitoni. Halafu ile hewa iliyobanwa ndo inatumika kupandisha maji kwa kijibomba chembamba, yanatoka kwa mikupuo pu! pu! pu! Hakuna mota, hakuna valvu, hakuna kitu hata kimoja kinachozunguka. Mimi nikapagawa.

Vipimo vyangu: nimekinga maji pale penye kimaporomoko, ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 7. Kuporomoka ni kama mita 4 kwa macho. Kutoka hapo mpaka ninapotaka kuweka simtanki ni kama mita 30 kwenda juu. Je nikichimba shimo la mita 5 au 6 itafika? Bomba inchi ngapi? Asanteni.

Chuma_Chakavu
Mkuu achana na hizo video. Maji hayapandi mlima yenyewe, yangekuwa yanapanda Dar nzima isingekuwa na foleni za ndoo. Mimi nilishaingizwa mjini na jenereta ya sumaku eti ikishawashwa haizimi, nikatuma hela, hadi leo naisubiri. Hizi ni zile zile tu.

Mwl_Fizikia_Mstaafu
Chuma Chakavu pole kwa hela yako mwanangu lakini hapa umechanganya mambo. Jenereta ya sumaku inadai kutoa nguvu bila kuingiza nguvu, hiyo ni uongo. Hii ya kijito nguvu inaingia, tena mchana na usiku, ni uzito wa maji yanayoshuka. Maji mengi yanashuka kidogo ili maji machache yapande sana. Ni kama mtoto mnene na mtoto mwembamba kwenye ubao wa kubembea, yule mwembamba anapaa juu lakini mnene lazima ashuke. Ukiona mtu anasema maji YOTE yatapanda, hapo ndo ukimbie.

Sasa wewe wa Soni, nakujibu pole pole maana hiki kitu watu wengi wanakikosea sehemu moja hiyo hiyo.

Presha ya hewa yako haitokani na urefu wa maporomoko. Inatokana na kina, yaani kutoka usawa wa maji pale yanapotokea kurudi kijitoni mpaka chini ndani ya pipa hewa ilipokaa. Hewa inabanwa na ule mnara wa maji unaoisubiri itoke. Kila mita 10 za kina unapata kama PSI 14 (PSI ni kipimo cha presha, kile kile cha tairi). Maporomoko kazi yake ni nyingine, ndiyo yanayosukuma maji yenye povu yashuke mpaka kule chini, maana maji yenye povu ni mepesi na yana tabia ya kugoma kushuka. Kwahiyo kina ndicho kinachokupa presha, kuporomoka na wingi wa maji ndiyo vinakupa kiasi cha hewa. Ukiyatenganisha haya mawili kichwani umeshamaliza nusu ya kazi.

Shimo lako la mita 6 linakupa PSI 8 na nusu hivi. Kusukuma maji mita 30 kwa hewa moja kwa moja unataka PSI 43. Tairi la gari ndogo linajazwa PSI 30, linganisha mwenyewe. Kwahiyo hapana, kwa shimo la mita 6 hayafiki simtanki.

Halafu ile mikupuo ya pu pu pu ni kitu kingine tena. Pale hewa haisukumi maji kama bastola ya maji, inaingia kwenye kijibomba kilichozama, inachanganyika na maji, ule mchanganyiko unakuwa mwepesi kuliko maji ya nje, basi maji ya nje yanausukuma juu. Wachimba visima wanaifahamu sana hii, wakimaliza kuchimba wanashusha hewa ya kompresa chini kisima kinatapika tope mpaka maji yawe meupe. Lakini ina sharti lake, bomba lizame vya kutosha. Kwa makadirio ya kawaida ukitaka kupandisha mita 5 juu ya maji basi zamisha si chini ya mita 5 hivi. Mita 30 juu maana yake zaidi ya mita 30 chini.

mboga_mboga_Soni
Dah. Asante sana mwalimu, umeeleza mpaka nimeelewa japo roho imeuma. Yaani nichimbe mita 30? Huku ukichimba mita 2 unakutana na jiwe la tangu Nuhu.

sesa_wa_Kahama
Mkuu usikate tamaa, hiyo kitu ilishafanywa kikubwa kuliko unavyofikiria, ila waliofanya walikuwa na shimo kweli kweli. Mimi nimekaa migodini miaka mingi, hewa ya kompresa ndo damu ya mgodi, drili zinakula hewa, pampu za tope zinakula hewa. Kuna mzee tulikuwa naye anapenda historia akatuambia habari ya Ragged Chutes kule Ontario Canada, nikaenda kuisoma mwenyewe nikakuta ni kweli tupu.

Kulikuwa na migodi ya fedha sehemu inaitwa Cobalt, hapo ni miaka ya mwanzo ya 1900. Injinia mmoja Charles Havelock Taylor akatumia mto Montreal, maji yanaporomoka kama mita 16 tu, lakini akachimba shimo la zaidi ya mita 100 kwenda chini kwenye mwamba. Maji yanaingia na povu, yanashuka, chini kuna handaki kubwa hewa inajitenga inakaa juu, maji yanapanda upande wa pili yanarudi mtoni. Hewa ikatoka na presha ya kama PSI 120, ikasafirishwa kwa mabomba kilomita na kilomita mpaka migodini. Ilianza 1910 ikafanya kazi mpaka kwenye miaka ya 1980. Miaka SABINI wakuu! Kompresa bila pistoni, bila oili, bila ringi. Mimi kompresa zetu zikipita miezi mitatu bila kuguswa tulikuwa tunashangilia.

Na kitu kitamu zaidi, hewa yake inatoka ya baridi. Kompresa ya kawaida ikibana hewa inachemka mpaka unaweza kukaangia yai, ule moto wote ni nguvu imepotea. Kule povu limezungukwa na maji kila upande, joto linaliwa na maji papo hapo. Ila ina dosari moja, oksijeni inayeyuka kwenye maji kuliko naitrojeni, basi hewa inayotoka chini inakuwa imepungukiwa oksijeni. Kwenye drili haina shida, ila mimi nisingekubali nifungiwe chumbani nipumue hiyo tu.

mboga_mboga_Soni
Sesa hiyo habari imenirudishia moyo!! Sasa nina wazo msinicheke. Mimi niko mlimani si ndiyo, kijito changu kikipita shambani kinaendelea kushuka bonde, ukienda kama mita 200 mbele umeshuka mita 30 bila kuchimba chochote. Je nisilaze mabomba kwenye mteremko, moja linashusha maji na povu mpaka pipa lililoko kule bondeni, lingine linarudisha maji juu mpaka pale chini ya maporomoko? Si nimepata kina cha mita 30 bila jembe?

Mwl_Fizikia_Mstaafu
Wazo zuri mwanangu, ungekuwa darasani kwangu ungepata tano ya kwanza. Lina matatizo mawili. La kwanza, bomba likilala povu haliendi na maji, linapanda kugusa mgongo wa bomba, linaungana linakuwa pochi kubwa la hewa halafu linateleza kurudi ulikolitoa. Povu linataka bomba la wima na maji yaende mbio kuliko povu linavyopenda kupanda, nusu mita kwa sekunde na zaidi.

La pili ndo kubwa, namwachia fundi aliseme maana naona yuko online anachungulia.

fundi_bomba_Tukuyu
Hahaha mwalimu umeniona. La pili ni hili kaka, kama una mita 30 za kushuka bondeni, HEWA YA NINI?? Weka hidramu, yaani pampu inayoendeshwa na maji yenyewe, uondoke.

Samahani kwa herufi kubwa ila haya mambo ndo kazi yangu. Watu wanapenda hii ya hewa kwa sababu haina kitu kinachocheza, sawa, lakini unapoteza nguvu mara mbili, mara ya kwanza ukibadili maji kuwa hewa, mara ya pili ukibadili hewa kuwa maji tena, na kile kijibomba cha mikupuo kinapoteza vibaya mno. Hidramu inatumia maji kuyapiga maji, basi. Ina valvu mbili tu. Maji yanashuka kwenye bomba la chuma yanatoka nje kwa valvu ya kwanza, yakishika kasi valvu inajifunga paaa, yale maji yaliyokuwa mbioni hayana pa kwenda, presha inaruka, yanafungua valvu ya pili yanaingia kwenye mtungi wa hewa na kupanda bomba la kwenda juu. Presha ikipoa valvu ya kwanza inajifungua yenyewe na mchezo unaanza upya, mapigo 40, 60 kwa dakika, tak tak tak usiku kucha. Huko kwetu kuna sehemu ukilala unaisikia kama moyo wa mlima.

Na wala siyo kitu kipya. Mwingereza John Whitehurst alitengeneza ya kufungua na kufunga koki kwa mkono mwaka 1772, Mfaransa Joseph Montgolfier akaifanya ijiendeshe yenyewe 1796, huyo huyo wa yale maputo ya hewa moto.

Hesabu yake: chukua maji yako kwa dakika, zidisha kwa mita za kuporomoka, gawanya kwa mita za kupanda kuanzia hidramu ilipo, halafu chukua nusu yake maana hata ya kienyeji hupati chini ya hapo, ikitulia inafika asilimia 60 hata zaidi. Hata ukitumia maporomoko yako ya mita 4 tu bila kushuka bondeni, lita 20 kwa sekunde 7 ni kama 171 kwa dakika. Mara 4, gawa kwa 30, ni 22 na ushee, nusu yake lita 11 kwa dakika. Unaona ndogo lakini hailali hiyo. Kwa siku ni lita 16,000.

Chuma_Chakavu
Lita elfu 16 bila mafuta?

fundi_bomba_Tukuyu
Bila hata tone. Ila usiseme bure, bomba la chuma siyo bure. Na hapa ndo watu wanaharibu. Ya kwanza kabisa niliyofunga nikiwa kijana nilibana matumizi nikaweka bomba la plastiki la kushusha maji, ilipiga siku moja na nusu, ya pili jioni bomba likapasuka kwenye kona na mwenye shamba alikuwa amealika majirani waje kuangalia. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani usiku sikutaka hata kupanda gari na watu. Plastiki inatanuka kidogo kila pigo, inakula lile pigo ambalo ndo mtaji wako, halafu inachoka. Bomba la kushusha liwe chuma, linyooke, lisiwe na kona, urefu wake mara tano hivi ya kuporomoka au zaidi kidogo. Bomba la kupandisha hilo weka rola ya plastiki tu hamna shida.

Mtungi wa hewa tunatumia hata mtungi wa zamani wa gesi ulioisha matumizi, ila uoshwe na ujazwe maji kabisa kabla ya kukatwa au kuchomelewa, nimeona mtu kaungua uso. Sasa ile hewa ya ndani ya mtungi inaliwa na maji pole pole, ikiisha hidramu inaanza kugonga kama nyundo na nati zinalegea. Dawa yake toboa kijitundu cha sindano chini ya ile valvu ya pili kiwe kinanyonya hewa kidogo kila pigo. Wengine wanaweka tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo ndani ya mtungi, nayo inasaidia.

bint_Mlalo
Hamjambo. Kaka wa Soni mimi niko Mlalo si mbali na wewe. Nina mawili ya kukuambia kabla hujaanza kununua vyuma.

Moja, nenda kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ukaulizie kibali cha kutumia maji, sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali ukichepusha maji ya mto, na ile ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Watu wanachukulia poa, halafu ukikosana na jirani wa chini tu ndo anakumbuka sheria zote. Ongea na hao wa chini yako kabisa, waambie maji yanarudi kijitoni isipokuwa yale machache yanayopanda.

Pili, hayo maji ni ya kumwagilia au na kunywa? Maana hidramu itakupandishia maji ya kijito yalivyo, na huku kwetu juu ya kila kijito kuna mtu anapiga dawa nyanya.

mboga_mboga_Soni
Dada umegusa penyewe. Shamba ni kumwagilia tu. Ila kuna bibi yangu anakaa kule chini, nyumba yake iko jirani na chemchem safi kabisa, chemchem iko kama mita 60 kutoka kwenye maporomoko, usawa mmoja na pale maji yanapoangukia. Nyumba ya bibi iko juu ya chemchem kama mita 3 tu, lakini hizo mita 3 ni ngazi za udongo na mvua ikinyesha zinateleza, mwaka jana alianguka na ndoo. Nilikuwa nataka niunge na kwake hapo hapo ila sitaki anywe maji ya kijito.

Mwl_Fizikia_Mstaafu
Ungesema tangu mwanzo! Hapo sasa ndipo mashine yako ya hewa inapata kazi.

Faida moja ya hewa ambayo hidramu ya kawaida haina ni hii, nguvu inazaliwa sehemu moja na kazi inafanyika sehemu nyingine, na maji hayo mawili hayakutani. Kijito kichafu kinabana hewa, hewa inatembea kwenye kimpira chembamba mita 60, inaenda kusukuma maji ya chemchem. Na hewa kuitembeza ni rahisi, haina uzito wa kusumbua kama maji.

Kusukuma mita 3 na kidogo unataka kina cha mita 4 na nusu, kama PSI 6. Hilo shimo unalichimba wewe na vijana wawili, jiwe la Nuhu likiruhusu. Na usitumie ile ya mikupuo kwa sababu itabidi uchimbe na chemchem yenyewe kuizamisha bomba, utaitibua. Tumia pipa. Zamisha pipa lililofungwa kwenye kidimbwi cha chemchem, chini yake kuna valvu ya kuingiza maji tu isiyorudisha, bomba la kwenda kwa bibi linaanzia karibu na sakafu ya pipa. Juu kuna koki ya njia tatu. Bibi akitaka maji anaelekeza koki upande wa hewa, maji yanapanda nyumbani. Akimaliza anageuza, hewa inatoka nje fyuuu, pipa linajijaza lenyewe tayari kwa kesho. Hiyo koki inaweza kuwa jikoni kwake maana ni kimpira cha hewa tu.

Na wazo hili ni la zamani sana. Jozef Karol Hell alifanya hivyo kwenye machimbo ya Banská Štiavnica, leo ni Slovakia, mwaka 1753. Maji kutoka mlimani yanashuka kwenye tanki lililofungwa, yanabana hewa, hewa inashuka kwa bomba mpaka chini ya mgodi inasukuma maji ya mgodini kwenda juu. Wageni walikuwa wanaenda kushangaa kitu kimoja, ile hewa iliyobanwa ikifunguliwa inatoka na chembe za barafu. Hewa ikitanuka ghafla inapoa sana. Miaka ile friji hakuna, fikiria watu walivyojifunika midomo.

Chuma_Chakavu
Hapo kwenye barafu ndo mmenipata. Na mimi nauliza, kwanini sasa shambani asifanye kwa ngazi, pipa la kwanza linapandisha mita 4, la pili linachukua hapo linapandisha mita 4, mpaka juu? Hewa si inagawanywa tu kwa mpira.

Mwl_Fizikia_Mstaafu
Umeona, sasa unafikiri! Inawezekana kabisa kifizikia. Mapipa nane, koki nane, valvu nane, na mtu wa kuzigeuza kwa zamu au ubuni kitu cha kuzigeuza. Hidramu ni valvu mbili.

Chuma_Chakavu
Nimekaa.

sesa_wa_Kahama
Naongezea ya usalama kidogo kwenye pipa la bibi. Pipa la lita 200 likijaa hewa ndani ya maji linataka kupaa kwa nguvu ya karibu kilo 200. Usipolifunga kwa mawe au zege utalikuta linaelea kama boya na bibi anakushangaa. La pili usichukue pipa lililobeba dawa za shamba hata kama limeoshwa mara mia. Na hiyo hewa isiwe na oili, bahati nzuri yako haina maana hakuna pistoni.

fundi_bomba_Tukuyu
Nakubaliana na wazee, kwa bibi weka hewa, shamba weka hidramu. Ila wa Soni, hiyo mita 4 "kwa macho" inanipa wasiwasi, watu wote wakikadiria kwa macho wanaongeza. Chukua ule mpira mweupe wa mafundi wanaotia maji kupata usawa, pima pole pole kwa vipande, jumlisha. Kisha rudi hapa na namba.

mboga_mboga_Soni
Nimerudi wakuu, samahani nilipotea siku nane, nilikuwa na hoho sokoni.

Nimepima na mdogo wangu kwa mpira, mara mbili. Fundi ulisema kweli, mita 4 yangu ni mita 2 na sentimita 80. Nilitaka kulia. Ila kupanda nako nilikosea, siyo 30, ni 27. Nimepiga hesabu yako, 171 mara 2.8 gawa 27, nusu yake, napata lita 8 na ushee kwa dakika, siku nzima elfu 12 na kitu. Ndoo 600. Wife kaacha kucheka, sasa anauliza lini.

Kwa bibi nimechimba. Mita 3 udongo, kisha jiwe. Nimeshuka mita 3 na nusu nimegota. Itatosha?

Mwl_Fizikia_Mstaafu
Kupandisha mita 3 kamili kwa kina cha mita 3 na nusu ni pembamba, na kumbuka pipa likimalizika maji usawa wake unashuka, unapandisha zaidi ya ulivyodhani. Tumia pipa fupi la kulaza badala ya la kusimama. Na tanki la bibi usiliweke juu ya dari, liweke chini nje ya mlango, achote kwa kopo. Hizo mita za dari ndo zitakazokuangusha.

Na kwa kuwa maporomoko yamepungua, hewa itazalika taratibu. Siyo shida, inajikusanya usiku bibi akiwa amelala. Ila angalia maji ya hidramu na maji ya hewa ni yale yale ya kijito kimoja, ukigawa gawa vizuri, hidramu ipate sehemu kubwa.

bint_Mlalo
Na hiyo ndoo ya sekunde 7 umeipima baada ya mvua. Pima tena ukame ukikolea. Mimi kijito chetu kinabaki nusu.

fundi_bomba_Tukuyu
Dada kasema la maana, usinunue vyuma kabla ya kupima kiangazi, hidramu ya inchi tatu ikikosa maji inasimama mdomo wazi haipigi kabisa. Ukiona yamebaki nusu tunashuka inchi mbili. Bomba la kushusha nunua vipande vitatu vya mita 6, hapo unapata 18 inatosha kabisa kwa hiyo 2.8.

Na ukishalilaza lifukie siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Chuma Chakavu sisemi wewe, ila jina lako linanitisha.

Chuma_Chakavu
😂😂 Fundi mimi nina duka la vitabu vya shule.